Chapati Anajua Njia

Chapati alijua njia. Waliposhuka tu garini mjini Kakuma, mbwa yule mdogo alinusa mchanga, akakaza mkanda wake wa kifuani, akaanza kumvuta Chepchumba kupita maduka, kupita kituo cha mafuta, kuelekea nyumba za upande wa mto mkavu.

Chepchumba aliishika kamba kwa mikono miwili. Malori ya kwenda Loki, mji wa mpakani, yalikuwa yakipita, na kila moja lilipopiga honi, aliizungusha kamba mara moja zaidi mkononi.

Hakumpenda tena mbwa huyu. Aliyempenda alikuwa Jerop, binti yake wa pekee, aliyempa jina la Chapati kwa sababu ya mabaka ya kahawia mgongoni. Agosti ya 2012, huko kwao Lodwar, Jerop alitoka naye kwenda dukani. Ukanda wa shingoni ulikuwa umelegezwa tundu moja, usimkabe. Mbwa mdogo kichwa chake ni chembamba. Pikipiki ilimshtua, akarudi nyuma, ukanda ukavuka masikio ukabaki mkononi mwa mtoto. Chapati akakimbilia barabarani, Jerop akamfuata. Chepchumba alisikia breki za lori akiwa jikoni, akatoka mbio.

Jerop alikuwa na miaka saba.

Kiprop, mumewe, alienda mahakamani peke yake. Alirudi akasema dereva ameachiliwa, haikuwa kosa lake.

"Jina la huyo mtu lisitajwe humu ndani," Chepchumba alisema.

Halikutajwa. Aliyelegeza ule ukanda alikuwa Kiprop, na hilo nalo halikutajwa.

Wiki chache baadaye Kiprop alikata mikanda ya begi la shule la Jerop, akaishona ipite kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, mbwa asiweze kujivua hata arudi nyuma namna gani. Chepchumba alipouona mkanda ule alilia mpaka sauti ikakauka.

"Begi lake, Kiprop?"

"Nilitaka kitu kisichokatika," alijibu, akatoka nje.

Kisha zikaanza Jumamosi. Kiprop alikuwa mtu wa ofisi ya maji. Kila Jumamosi alisema anaenda Kakuma kukagua visima, na kila Jumamosi alimchukua Chapati. Nani hukagua kisima na mbwa? Alirudi jioni uso umetulia, kama mtu aliyepata usingizi, na utulivu huo ulimuuma Chepchumba kuliko kama angerudi amelewa. Yeye hakuwa na mahali pa kutulia.

Mugure, jirani yao anayeuza vitenge sokoni, alijikaza asiseme, akashindwa.

"Mama Jerop, mimi sipendi maneno. Lakini juzi nilikuwa Kakuma kutafuta mali. Nilimwona Baba Jerop akiingia kwa mwanamke. Alifunguliwa lango kama mwenyeji."

"Ni mzuri?"

Mugure aliinamisha kichwa. "Nenda ujionee."

Jumamosi hii Kiprop alikuwa Kitale kwa mkutano wa kazi. Chepchumba alimvalisha Chapati mkanda, akapanda gari la asubuhi.

Na sasa mbwa alikuwa amesimama mbele ya lango la mabati, akilikwaruza kwa kucha.

Lilifunguliwa na mwanamke wa Kiturkana, shanga shingoni, kanga safi kiunoni. Alikuwa mzuri. Alipomwona mbwa, uso wake ulichangamka.

"Ejok, Chapati," alimsalimu, akachungulia nyuma ya Chepchumba. "Baba Jerop iko wapi?"

Jina la binti yake, kinywani mwa mwanamke huyu. Chepchumba alishika nguzo ya lango.

"Amesafiri. Mimi ni mke wake."

Alitarajia mwanamke ashtuke, pengine afunge lango. Badala yake macho yake yalijaa machozi, akaushika mkono wa Chepchumba kwa mikono yake yote miwili.

"Mimi Nawoi. Alisema siku moja utakuja. Nikasema hapana, huyo mama hawezi kuja hapa."

"Ni tangu lini?"

"Mwezi wa kumi. Mimi sikumwita, mama. Alikuja mwenyewe." Nawoi alishusha sauti. "Lakini ametusaidia. Huyu wa ndani alikuwa amekataa chakula, amekataa kuongea. Usiku analia tu. Jumamosi Baba Jerop akikuja na Chapati, anakula. Anampa mbwa kidogo, na yeye anakula kidogo."

Huyu wa ndani.

Kwa hiyo kulikuwa na mtoto. Kiprop alikuwa amepata mtoto mwingine, na alikuwa akimletea mbwa wa Jerop acheze naye.

"Nataka kumwona."

"Polepole, mama. Yeye hajui ni wewe umekuja."

Chepchumba hakungoja. Kamba ilikuwa imeshakaza, naye aliifuata, akakatiza ua, akainama chini ya pazia la mlango.

Chumba kilikuwa na kiza. Chapati aliruka kitandani, akajilaza kwenye mapaja ya mtu aliyekaa akitazama ukuta. Hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamume mzima, amekonda, mifupa ya mabega imesimama chini ya shati. Aliweka mikono juu ya mgongo wa mbwa.

Aligeuka taratibu, akidhani ni Kiprop.

Chepchumba alikuwa ameuona uso ule mara moja tu, umeinama juu ya Jerop mbele ya lori lake, ukimwomba afumbue macho.