Thangari Mbele ya Nyumba

Mama mkwe wa Nkirote alifika ukingoni mwa nyasi zilizo mbele ya nyumba, akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kando.

Nkirote aliacha kumimina chai. Wanawake wa kikundi chao, waliokuja kukutana kwake na kukaa vitini uani, wakageuka kutazama.

Mara mbili Nkirote alikuwa ameleta nyasi kutoka kwao Nkubu, zile nene zinazopenda baridi na ukungu. Mara mbili jua la hapa Karurumo, alikoolewa, lilizikausha zikawa kama mabua ya mahindi. Ndipo akaokota thangari, gugu la nyasi za kutambaa ambalo mama mkwe hung'oa shambani na kulitupa njiani life, akalipanda mbele ya nyumba yake, shina kwa shina.

"Huyu ameleta adui mpaka mlangoni," mama mkwe aliwaambia wanawake hawa hawa wakati ule. "Mimi napigana na hii kitu tangu niolewe."

Sasa ilikuwa Februari, kiangazi kikali, na kila boma lilikuwa vumbi tupu isipokuwa hapa.

Unyayo wa mama mkwe, uliopasuka kwa miaka ya kulima, ulishuka polepole juu ya kijani kile. Vidole vikajikunja, vikashika majani, vikayaachia. Akapiga hatua nyingine, halafu nyingine, mpaka akasimama katikati.

"Nkirote," akasema bila kugeuka, "lete jembe."

Hakuna aliyegusa kikombe.

"La nini, Mama?"

"Unichimbie kidogo nikapande kwangu. Yangu niliing'oa nikaimaliza yote."