Kisima cha Chura

Zamani za ukame mkuu, Fuko alichimba kisima miezi saba, mpaka kucha zikamwisha. Siku ya kwanza ya kuteka maji, Chura akatumbukia humo na kupiga mayowe kutwa nzima kwamba anazama. Tangu hapo kikaitwa Kisima cha Chura, na wimbo wake ukaimbwa kila sikukuu.

Fuko alitaka wajukuu wake wamkumbuke, basi akamwendea Chiriku, mtunzi wa nyimbo.

"Mbona wimbo haunitaji?"

"Mzee wangu, ulichimba, ukachimba, ukachimba. Nani atacheza wimbo huo?"

"Lakini Chura anajua kuogelea!"

"Ndiyo maana wimbo unapendwa."

Sikukuu iliyofuata, Fuko akajitupa kisimani mbele ya wote.

"Nakufa! Mimi Fuko, mchimbaji wa kisima hiki!"

Chura akaruka, akamkamata mguu, akamtoa. Wanyama wakashangilia. Fuko, maji yakimchuruzika, akatega sikio, na Chiriku akaanza ubeti mpya:

"Chura shujaa, Chura mwokozi, kamwokoa mnyama fulani!"

"Fulani?" Fuko akafoka. "Si nimelitaja jina langu?"

"Tumelisikia, mzee," Chiriku akamjibu kwa upole, "lakini tulikuwa tunamtazama Chura."