Mpaka Mgonjwa Ainuke

Marit alitoka ng'ambo kuja kujitolea kupaka rangi zahanati isiyo na dawa. Adhuhuri alisikia ngoma ya pepo, akaingia duarani akicheka.

"Haya mgeni, umeyataka mwenyewe!" mganga alimwambia, akimfunga njuga miguuni. "Anayeingia hapa hatoki mpaka mgonjwa ainuke."

Mgonjwa alikuwa binti mdogo wa mama mmoja, Mwanamkuu, amelazwa mkekani katikati.

"Cheza, mwanangu," Mwanamkuu alimsihi. "Usinichokee."

Marit alicheza mpaka nyayo zikachubuka. Alipoinama karibu na mkeka, aliona kifua cha mtoto hakipandi tena wala kushuka. Hakuna mwingine aliyeona. Mwanamkuu alikuwa akiimba, amefumba macho, na ngoma ikisimama atayafumbua.

Barabarani wenzake wa kujitolea walimpigia honi waondoke. Marit akakanyaga kwa nguvu zaidi, vumbi likatimka.