Tumbo la Kifaru

Fundi mkuu aliingiza mkono kwenye tundu, ukapita. Akaingiza kichwa, nacho kikapita. Alipokitoa, masizi yalikuwa yamempaka hadi masikioni, na hakuna mtu karakanani aliyethubutu kucheka.

Kifaru cha jeshi kilikuwa kimerudishwa asubuhi hiyo juu ya trela. Jembe lake la chuma lilikuwa bado mbele, zima kabisa. Kazi ya jembe lile ilikuwa kufukua mabomu yaliyotegwa njiani ili askari wapite nyuma yake. Likiruka bomu moja tu, kinachobaki kati ya bomu na dereva ni tumbo la kifaru. Na tumbo hilo alilibuni yeye.

"Nani alikuwa anaendesha?" aliuliza.

"Si mwanao," kapteni aliyekileta kifaru alimjibu.

Alishusha pumzi, kisha akajichukia kwa kuishusha, maana dereva yule naye alikuwa na baba yake. Ndipo hasira ikampanda. Akakipiga chuma teke, akaumia kidole, hasira ikazidi.

Lilikuwa tumbo la tatu hilo. La kwanza lilikuwa bapa, likatobolewa. Akaliongezea unene, haukupita muda, adui naye akayaongezea mabomu yake nguvu. Akalikunja lichongoke chini ili mlipuko uteleze pembeni. Mabomu yakaja mengine, ya kutoboa kama msumari. Ungedhani kuna mtu anachungulia begani kwake kila anaposhika penseli.

"Kuna msaliti humu!" alifoka. "Kila ninachounda, dawa yake inapatikana rangi haijakauka! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Macho yote yakamgeukia mpaka rangi.

"Msinitazame mimi," alisema mpaka rangi. "Mimi hata sukari sijui mke wangu anaificha wapi. Siri za adui nitazijulia wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi mkuu hakucheka.

"Nikiijua mikono iliyotengeneza bomu hili," alisema polepole, "nitaikata yote miwili. Na mwenyewe nitamkazia macho ninapoikata."

Kicheko kikafa.

Jioni alimkuta mkewe ameshatoka kazini, anapakua. Jeshi lilikuwa limemwapisha fundi asitaje nyumbani anachokiunda, kwa hiyo mkewe alijua mumewe anaunda matrekta. Mke mwenyewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha baruti za kupasulia mawe, upande wa pili wa mji.

"Matrekta yamekuudhi tena, baba?"

"Yameniudhi. Na wewe je, mbona umenuna?"

"Niache tu. Msimamizi katuita tena. Eti mawe ya yule mteja mkubwa yamezidi ugumu, baruti zetu haziyapasui. Tuongeze makali."

"Mawe gani hayo yanayokua kama watoto?"

"Nimuulize anifukuze? Mimi ni mfungaji, nafunga ninachopewa. Lakini safari hii yatapasuka, nakuapia. Mimi nishindwe na jiwe?"

Fundi akacheka, mara ya kwanza siku ile. Alimpenda kwa ubishi huo. Akainua sufuria kumwongezea mchuzi. Mkono wa sufuria ulikuwa umeng'oka zamani, na mkewe alikuwa ameufunga kwa waya, kama alivyofunga mlango wa kabati, mguu wa kiti na kila kilicholegea nyumbani mle. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, hivyo waya zake zilizunguka kinyume na za watu wote. Na kila ncha aliikunja ndani, akaificha. Tabia hiyo ilianza kijana wao alipokuwa anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kijana amekuwa mwanajeshi, ana ndevu, ila ncha bado zilikunjwa.

"Hivi mtoto anakula vizuri huko?" mkewe aliuliza.

"Anakula," alijibu, ingawa hakujua.

Tumbo la nne alilijenga kwa ghadhabu tupu. Alilifanya la mabamba mawili yenye nafasi katikati, bomu likitoboa la kwanza liishie hewani. Mafundi aliwatukana, akawaomba radhi, akawatukana tena. Walipolijaribu, bamba la ndani halikupata hata ufa. Kapteni alimpa mkono. Kijana wake akapangwa kuwa dereva wa kwanza, na safari hii fundi hakuogopa.

Kifaru kilikuwa kimeshaondoka kwenda mstari wa mbele pale kapteni aliporudi karakanani, amebeba sanduku la chuma, uso umemsawajika.

"Bomu la aina mpya," alisema. "Kikosi kingine wamelifukua likiwa zima. Limeshateguliwa, usiogope. Wataalamu wanasema hili linapita mabamba mawili."

"Haiwezekani! Tumbo lile halina hata wiki!"

"Ndiyo maana nimekuletea. Mtu huyo anajua kazi yako kuliko wewe."

Fundi mkuu alimnyang'anya sanduku. Aliligeuza huku na huku akitafuta jina, namba, alama yoyote ya kiwanda. Zote zilikuwa zimekwanguliwa. Akafungua kifuniko kwa bisibisi. Ndani, baruti ilikuwa imefungwa vizuri, kwa waya.

Akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," kapteni aliita. "Unaona nini?"

Waya ulikuwa umezungushwa kinyume, kwa mkono wa kushoto. Na ncha yake ilikuwa imekunjwa ndani, isije ikamchoma mtoto.