Viatu vya Keshia

Mhasibu aliyekuwa akirudi nyumbani hoi, mgongo umekakamaa kwa kukaa kitini kutwa, siku hizi alirudi akipiga mluzi, kitambi kimeanza kuyeyuka.

"Ni zile ngazi za ofisini, mama watoto. Nazipanda kila mchana."

Mkewe hakulimeza hilo. Mchana mmoja akatinga ofisini bila taarifa, akasimama chini ya ngazi, roho juu juu.

Wakashuka wawili. Mumewe, jasho linamtiririka, na keshia, miguu peku, anacheka huku anahema.

Kumbe mazoezi yalikuwa ya kweli. Hayo hayakumuuma. Kilichomuuma ni viatu vya keshia, vyeusi, kisigino kimoja kimeliwa upande, vinaning'inia kwenye vidole vya mumewe. Mwanamume ambaye nyumbani hata kikombe alichonywea hakiinui!

"Si nilikwambia ni ngazi tu?" mumewe akasema.

"Naona."

Keshia akanyoosha mkono avichukue.

"Mwache navyo, dada. Ameshavizoea."

Akainama, akavua vyake, akavitundika kwenye vidole vya mkono wa pili wa mumewe.

"Haya, baba watoto, tupande wote. Tuone utachoka kubeba vya nani kwanza."