Kayaki ya Mtu Mmoja

Gatini, Kalunde alizipita kayaki kubwa zote za muuzaji wa mitumbwi hiyo myembamba, akaingia kwenye ile ndogo kabisa. Aliketi, akarusha mkono nyuma na mbele kama mvuvi anayetupa ndoano yenye chambo cha manyoya, aone kama kayaki itapinduka. Iliyumba kidogo, ikatulia.

"Nachukua hii," alimwambia muuzaji.

Kaka yake, Lugendo, aliyemfuata bila kualikwa, aliikanyaga kwa mbele. "Ina kiti kimoja. Mimi nitakaa wapi?"

"Nchi kavu."

"Na ukizama, nani atakuokoa?"

"Mwaka jana nilizama, kaka. Kasia lilikuwa mkononi mwako, ukabaki kunitazama."

Muuzaji aliinamisha macho. Lugendo hakuutoa mguu. Kalunde alilinyanyua kasia lililolazwa ndani ya kayaki kwa mikono miwili, akaukazia macho ule mguu.