Kiapo cha Vidonge

Kalamu ilimponyoka mwanamke mkononi kwa mara ya pili. Wakili aliiokota chini ya meza, akamrudishia.

"Mama, ni sahihi moja tu. Unaapa kwamba mumeo alimeza vidonge hivi vya tumbo kila siku, miaka tisa mfululizo."

Mumewe alikaa kando yake, koti likimpwaya kama la kuazima. Saratani ilikuwa imemmaliza. Kampuni iliyotengeneza vidonge, vilivyodaiwa kuileta, ikishindwa kesi, ingemlipia upasuaji. Isiposhindwa, ndiyo basi tena. Na shahidi alikuwa mmoja tu, mkewe.

"Mwambie, mama watoto," mume alisema akicheka. "Mimi hata sura ya kidonge siijui. Zahanati ya kiwandani wananipa kopo, nakukabidhi wewe, asubuhi nafungua mdomo kama kinda. Na tumbo likatulia!"

Mwanamke alicheka kwa meno tu. Dirisha pekee la chumba kile lilikuwa limezibwa na kabati la mafaili. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Zahanati hiyo ilikuwa inampa kila mtu?" wakili aliuliza, akiandika.

"Thubutu! Wafanyakazi tu. Hata mama mkwe wangu, na vidonda vyake vya tumbo, walimfukuza mlangoni. Na dukani bei yake haishikiki."

"Basi amshukuru Mungu," alisema wakili. "Anayevimeza mpaka leo huenda anaumwa na hajijui. Akipimwa mapema, anapona. Ila wanaopimwa ni wa kwenye kesi hii tu. Kadi moja ya zahanati, jina moja la aliyevimeza, na orodha inafungwa leo saa kumi."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika sita.

Mwanamke aliinamia karatasi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamtazama mumewe, yule mtu ambaye hajawahi kumuuliza ameweka nini kiganjani. Alimpenda mno, na mapenzi yale yalimchoma.

"Weka sahihi, mke wangu," mume alimbembeleza. "Unaogopa nini?"

Aliilaza kalamu mezani.

"Wakili, andika jina la mama yangu," alisema. "Huyu nilikuwa nampa vitamini."